Mizani namba 7: mazungumzo ya kufilisika kisheria Kenya

ZUHURA: Karibuni tena. Ni mimi Zuhura, niko na kaka Athumani, na leo ameahidi kulisema lile la duka.

ATHUMANI: Nimeahidi, basi sina budi. Wengine mlinijua sokoni Kongowea, Mombasa, nikiuza unga na mchele kwa jumla. Biashara ile yenda kwa mali kauli. Mwenye kioski achukua magunia mawili Jumatatu, pesa ataleta Ijumaa. Ijumaa ikawa ya wiki ijayo, kisha ya mwezi ujao. Daftari likajaa majina, kasha halina kitu, nami nikawa nakopa kwenye simu huku nilipe kule.

ZUHURA: Mpaka ikafika ngapi?

ATHUMANI: Milioni moja na laki tatu. Siku hiyo akaja dalali na vijana wanne na kenta. Walitoa friza, wakatoa mizani, ile ya chuma niliyoachiwa na babangu. Kila kitu wakikiandika namba kwa chaki. Mizani ilikuwa namba 7. Majirani wote wako mlangoni, wengine ndio walewale wa kwenye daftari!

ZUHURA: Ukafanyaje?

ATHUMANI: Nikazima simu, nikaenda Lamu miezi minne. Nikawa nasema nimefilisika.

ZUHURA: Pole, kakangu, lakini hukufilisika. Uliishiwa. Nilipokuwa karani kwa wakili niliwaona wengi wakichanganya mambo haya. Kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, mtu hufilisika kwa amri ya mahakama. Kabla ya amri, kila anayekudai akuvuta upande wake, na mwenye dalali mwepesi ndiye ashibaye. Amri ikitoka, hao wa madeni ya kawaida husimamishwa. Mali yako hushikwa na Mpokeaji Rasmi, ambaye ni afisa wa serikali, akaiuza na kuwagawia.

ATHUMANI: Na mtu aweza kujipeleka mwenyewe?

ZUHURA: Aweza. Apeleka ombi, na taarifa ya kila alicho nacho na kila anachodaiwa. Tangu awasilishe taarifa hiyo, ikipita miaka 3 na pasiwe na pingamizi, huachiliwa. Deni lililobaki, kwa sehemu kubwa, hawawezi tena kumdai.

ATHUMANI: Miaka 3 na jina langu gazetini.

ZUHURA: Gazeti rasmi la serikali, ndiyo. Na ukiwa hujaachiliwa huwezi kugombea ubunge wala udiwani, Katiba imekataa. Lakini wewe ulikuwa wagombea?

ATHUMANI: Hata uenyekiti wa chama cha mtaani sikuutaka.

ZUHURA: Basi ngoja nikueleze la pili, ambalo hata mawakili wengine hawalitaji kwa sababu halina pesa ndani yake. Kuna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Deni lako lisipungue laki moja wala lisizidi milioni nne, huna cha kuuzwa, huna uwezo wa kulipa hata kidogo, hujawahi kufilisika wala kuingia humo. Ukikubaliwa na Mpokeaji Rasmi, miezi 12 tu, umemaliza.

ATHUMANI: Milioni moja na laki tatu ingeingia.

ZUHURA: Ingeingia, ila si kwa mwenye kuficha. Kile kiwanja ukikiandika jina la mkeo wiki moja kabla ya ombi, hicho kitarudishwa, na wewe waweza kushtakiwa.

ATHUMANI: Mbona waniangalia hivyo? Sina kiwanja mimi!

ZUHURA: Naangalia wasikilizaji. Na mahakama pia si wajinga. Wako waliokimbilia kufilisika kwa kuwa tu wameshapewa hati ya kifungo cha madai, yaani kufungwa jela kwa sababu ya deni, maombi yao yakatupwa.

ATHUMANI: Hicho kifungo ndicho kilichonipeleka Lamu.

ZUHURA: Hakizidi miezi 6, na aliyekufungisha ndiye alipaye posho yako ya chakula humo ndani. Akiacha kulipa, unatoka. Ila deni liko palepale.

ATHUMANI: Yaani anilishe, kisha bado nidaiwe! Lakini kampuni kubwa si hivi. Nakumatt, yale maduka makubwa, iliwekewa msimamizi Januari 2018, ikajaribu miaka miwili, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Hakuna aliyeona mizani ya mtu ikitolewa nyumbani.

ZUHURA: Kwa sababu kampuni ni mtu wake mwenyewe kisheria. Ikifa, inakufa na deni lake, isipokuwa mkurugenzi awe ametia sahihi ya udhamini. Wewe ulikuwa na jina la biashara tu. Duka ni Athumani, Athumani ni duka.

ATHUMANI: Sasa niambie. Ningefilisika mapema kisheria, mizani ningebaki nayo? Nasikia zana za kazi haziguswi.

ZUHURA: Zana za kazi na vyombo vya nyumbani, ndiyo, unaachiwa. Fomu ya mkopo uliandika nini kwenye dhamana?

ATHUMANI: Friza. Na... mizani.

ZUHURA: Basi ingeondoka. Mwenye dhamana hupita pembeni ya foleni. Hata ufilisike mara ngapi, kitu alichoshikilia ni chake kwanza.

ATHUMANI: Na mdhamini je?

ZUHURA: Nani alikudhamini?

ATHUMANI: Shemeji. Kwa ule mkopo wa ushirika.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi hulia. Kuachiliwa kwako hakumwachilii yeye. Wewe utatoka safi, yeye ataendelea kudaiwa.

ATHUMANI: Mpaka leo anakatwa. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya hati ya mshahara. Haandiki neno, picha tu.

ZUHURA: Na wewe?

ATHUMANI: Mwezi uliopita nilimtumia elfu tatu. Akanijibu kwa mara ya kwanza. Ati, "Mizani umeipata?"