Kuunganisha draiva ya kasi ya prosesa na maelezo ya bodi yako

Karibu tena, ndugu mtazamaji. Leo nipo Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Bodi hii niliyoshika inapima joto ndani ya kasha la barafu la sangara, na inamaliza betri ya sola kabla ya alfajiri kwa sababu prosesa inakimbia kasi ile ile usiku kucha.

Fungua terminali, andika:

ls /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq

Ukiambiwa saraka haipo, kerneli, yaani kiini cha Linux, haijaunganisha draiva ya kasi. Usikimbilie kuhariri draiva! Kwenye bodi nyingi za ARM, draiva hiyo ni cpufreq-dt, nayo haibahatishi chochote. Inangoja kuambiwa na faili la maelezo ya maunzi, yaani dts.

Humo andika jedwali lenye compatible = "operating-points-v2". Kila kasi iwe hivi:

opp-hz = /bits/ 64 <600000000>;
opp-microvolt = <950000>;

Hesabu sifuri pamoja nami: nane. Hapa ni hezi, ilhali kule kwenye sysfs, yaani faili za /sys, utasoma kilohezi, na ndipo watu wanapopotea. Volti usibuni, ichukue kwenye waraka wa mtengenezaji wa chipu. Ikipungua bodi inaganda, ikizidi unaiunguza. Lakini usiache kuiandika, maana umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti. Kushusha kasi peke yake hakuokoi betri sana.

Nenda kwenye nodi ya cpu@0, yaani sehemu ya dts inayoeleza prosesa ya kwanza. Elekeza operating-points-v2 kwenye jedwali, clocks kwenye saa inayoiendesha prosesa, cpu-supply kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachoipa volti. Kama kore zote zinatumia saa moja, weka opp-shared kwenye jedwali na uzielekeze zote huko.

Sasa soma jina la bodi:

tr '\0' '\n' < /proc/device-tree/compatible

Lisiwe kwenye orodha ya waliozuiwa ndani ya cpufreq-dt-platdev.c, faili la msimbo wa kerneli, wengi wa hao wana draiva zao maalumu. Ukitumia operating-points-v2, huhitaji orodha ya walioruhusiwa.

Endesha make dtbs, weka dtb mpya, yaani dts iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, washa upya, kisha soma scaling_driver kwenye saraka ile ya cpufreq. Bado kimya? Angalia /sys/kernel/debug/devices_deferred. Mara nyingi draiva inasubiri regyuleta ambayo haijaamka.

Yangu imejibu: cpufreq-dt. Naweka scaling_governor, yaani kanuni ya kuchagua kasi, iwe schedutil inayofuata wingi wa kazi, kwani performance ingeibakiza juu muda wote. Tazama scaling_cur_freq sasa: 600000. Kasha linaweza kurudi kwenye boti.