Transista Hii Ni Ipi? Mazungumzo na mafundi vijana, Chake Chake

Asalaam aleikum. Walio nyuma sogeeni, feni ya huku ndo nzima.

Mnazijua zile transista, vidude vya miguu mitatu vya kukuza umeme au kuuwasha na kuuzima, za kututoa jasho, unafungua ampli ishaungua, juu imeandikwa C945, au haionekani kitu mana chumvi ya kwetu ishakula. Paka chaki, futa kwa kidole, ilaze kwenye mwanga, mara nyingi maandishi yanatoka.

Hiyo C945 ni ya Mjapani, jina lake kamili ni 2SC945, ile 2S anaiacha tu. Herufi inayofuata 2S, A na B kwake ni PNP, C na D ni NPN, ndo aina mbili za transista za kawaida, zinapishana kwa upande wa chanya na hasi, J na K ni mosfeti na jamaa zake, transista za aina nyengine. Wa Ulaya ndo hao BC547, BD139, herufi ya kwanza B ni silikoni, sasa hapo watu wanachanganya na B772 ya Mjapani, ambayo ni 2SB772, haihusiani kabisa. Mmarekani zake zinaanza na 2N. Na GR au Y ya nyuma ni daraja la kukuza tu, yani inakuza mkondo mara ngapi: C1815 Y ni mara 120 mpaka 240, GR mara 200 mpaka 400.

Lakini kinachounguza vitu si jina jamani, ni miguu! Uso bapa ukuelekee, miguu chini: BC547 kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita, ndo majina ya miguu mitatu. 2N3904 kinyume chake. C1815 ndo kabisa, emita, kolekta, besi, yani besi pembeni, na umbo lao ni lile lile. Zile 13001 za chaja rahisi ndo usiseme, namba moja na miguu inabadilika kwa kiwanda.

Kwa hiyo chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye alama ya dayodi. Tafuta mguu unaosoma na wenziwe wote wawili, volti 0.6 au 0.7 hivi, huo besi. Waya mwekundu ndo uko besi? NPN. Mweusi? PNP. Kisha tazama vizuri, upande mmoja 0.68 mwengine 0.67, ule wa juu ndo emita. Wenye mita ya mshale geuzeni, zikiwa kwenye omu, yani kipimo cha ukinzani, nyingi zao mweusi ndo chanya.

Ndio yakhe, uliza... Ikisoma shoti, yani kama miguu imegusana ndani? Inategemea. TV za chogo, transista ya flaibeki, ile transfoma ya umeme mkubwa wa skrini, kama D2499, ndani ina rizista ndogo besi na emita, omu makumi tu, utadhani imekufa na watu wanazitupa nzima! Na miguu mitatu si lazima transista, 78L05 ni regyuleta, ya kutuliza volti, umbo lile lile la BC547, mita ikikupa majibu ya ajabu irudie bodi, uone mguu upi unakwenda graundi.

Zile ndogo za kubandika juu ya bodi zina kodi tu, yani alama fupi badala ya jina, J3Y kwa kawaida ni S8050, 2TY ni S8550, ila kodi moja viwanda viwili wanaweza kuitumia kwa vitu viwili, pimeni.

Haya, mabodi yako mezani, watu wawili bodi moja, muanze na zisizosomeka.