Ndoo Kubwa, Maji Yaleyale

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Baraka leo kaja na kifaa mkononi, hata salamu kasahau.

BARAKA: Shikamoo, dada.

ZUHURA: Marahaba. Haya, tuonyeshe.

BARAKA: Kadi ya sauti ya nje, ya USB. Ile ya ndani ilinichosha. Nikisogeza kipanya tu, hedifoni zinalia ziii, ziii. Nikifungua gemu, mlio unapanda.

ZUHURA: Hapo sikulaumu. Kadi ya ndani inakaa ubao mmoja na prosesa na makorokoro mengine, na umeme wao unavujia kwenye njia ya sauti. Ukiihamishia nje, mara nyingi kelele inakwisha.

BARAKA: Imekwisha kweli, kimya. Ila muziki ni uleule! Matoazi yanasikika kama mtu anamwaga mchanga kwenye karatasi.

ZUHURA: Nyimbo zako za MP3 zina kilobiti ngapi kwa sekunde?

BARAKA: 320. Zote.

ZUHURA: Ulizipata hivyo?

BARAKA: (anacheka) Zilikuwa 128. Nikazigeuza mwenyewe kwa programu, usiku kucha.

ZUHURA: Baraka jamani! Umemimina maji ya kikombe kwenye ndoo. Ndoo kubwa, maji yaleyale, na mengine yamemwagika njiani.

BARAKA: Lakini faili zimekuwa kubwa.

ZUHURA: Ukubwa wa bure. Sikiliza: sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia. Jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 imebakiza kama sehemu moja ya kumi na moja. Wale Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer, walioshiriki kuibuni MP3, walijua kwamba sauti kubwa ikipiga, ndogo iliyo jirani yake sikio haliisikii, basi hiyo wakaibania biti. Ujanja mtupu, na kwa mwimbaji na gitaa moja unakubali.

BARAKA: Matoazi je?

ZUHURA: Ndiyo yanayoumbuka. Programu hubana sauti kwa vipande vipande. Toazi likipigwa katikati ya kipande, uchafu wa kubanwa unatapakaa kipande kizima, hata pale kabla ya pigo. Unasikia mwangwi umetangulia sauti yenyewe! Ongeza kwamba kwenye 128 sauti za juu kabisa hukatwa, mara nyingi kuanzia kilohezi 16.

BARAKA: Kwa hiyo nihamie faili za aina ya FLAC?

ZUHURA: FLAC hubana bila kutupa hata biti moja, na faili hushuka mpaka karibu nusu. Ila usijidanganye. Mimi nilimwomba mtu anichezee FLAC na MP3 ya 320 bila kuniambia ipi ni ipi. Nilikuwa nabahatisha tu.

BARAKA: Wewe?

ZUHURA: Mimi na masikio yangu haya. Zile CD zako bado unazo?

BARAKA: Boksi zima. Kompyuta ndiyo haina pa kuzitia.