Acheni Lumbesa Ionekane

Ndugu wapiga picha wa Mwanjelwa na Uyole hapa Mbeya, nanyi mliopanda kutoka Tukuyu, karibuni.

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mteja kwa kawaida alipigwa picha moja tu. Nyuma yake kilitundikwa kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwa Keïta mwenyewe. Kila baada ya miaka michache alikibadilisha, na baadaye maua ya kitambaa ndiyo yaliyomwambia picha ni ya lini. Wateja walishika redio, walionyesha saa, wengine waliegemea skuta. Ukizitazama leo unajua watu wa mji ule walitamani nini.

Sisi je? Simu inafifisha nyuma yote, filta inalainisha ngozi, mtu anaelea hewani. Muuza viazi wa Uyole anatoka kama karani wa benki! Mpige mbele ya mzigo wake. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria, lakini ile kamba iliyosukwa juu ya mdomo wa gunia, ikizuia viazi vilivyozidi visimwagike, inaeleza biashara yetu kuliko tabasamu lolote.

Simama kama mita mbili kutoka kwake. Lenzi pana ya simu ikisogea karibu inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ukitaka uso ujae, tumia lenzi ya 2x.

Mwanga ndio unaotuumbua. Nyuma kukiwa na ukuta mweupe, au ukungu wetu wa asubuhi, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge. Sasa kosa linageuka: kamera inauona weusi kuwa kiza na kuupandisha mno, ngozi inakuwa ya kijivu. Shusha mwanga kidogo kidogo, ukiangalia paji la uso. Likibaki doa jeupe, bado hujashusha vya kutosha. Saa sita mchana macho hujaa kivuli, basi msogeze barazani, atazame nje.

Mikono isikatwe, na udongo kwenye kucha usifutwe.

Andika mwezi, mwaka, mahali na kazi yake. Jina ni kwa ridhaa yake tu. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na ile kamba inageuka ukungu.

Haya, chukueni simu. Tuingie sokoni kabla jua halijapanda.