Sifuri Nne Kwenye Risiti

Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo. Mada niliyopewa, mazungumzo kati ya staarabu, ni pana kuliko bahari, na mimi si mpiga mbizi. Nitaipitia kwa karatasi moja tu, hii hapa. Ni risiti. Jumamosi nilinunua saruji, mifuko 12, kila mfuko shilingi 17,250. Kijana muuzaji akazidisha kwa kalamu juu ya boksi la misumari, akainua kichwa, akasema: "Laki mbili na elfu saba, mzee."

Hebu tuisikilize bei hiyo polepole. "Mbili" ni ya Kibantu, ya kwetu. "Laki" imetoka Bara Hindi; itaje Mumbai leo, watakuelewa bila mkalimani. "Elfu" na "saba" ni za Kiarabu. Shilingi yenyewe, ambayo hakuitaja kwa kuwa inajulikana, aliileta Mwingereza. Na kijana wa watu alikuwa anauza saruji tu.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2001 kuwa mwaka wa mazungumzo baina ya staarabu, kwa pendekezo la Rais Khatami wa Iran. Septemba ya mwaka huo, ya mashambulizi ya New York, mnaikumbuka, au mmesimuliwa. Tangu hapo nimekuwa mgumu kuamini kwamba staarabu huzungumza kwenye kumbi zenye bendera. Wanaozungumza ni watu, mara nyingi wawili, wameketi meza moja, kitabu kiko katikati, na mmoja anaijua lugha ambayo mwenzake haijui. Neno lenyewe "ustaarabu", kwa kweli, linanikera kidogo, maana limebeba dhana kwamba binadamu hatakati mpaka afanane na Mwarabu. Ila ndilo tulilo nalo, nitalitumia.

Turudi kwenye risiti. Andika 207,000. Sasa futa sifuri zote nne. Umebaki na 27, hela ambayo hainunui hata msumari. Yaani alama isiyo na kitu ndani yake ndiyo inayoshikilia bei nzima. Mrumi, pamoja na majeshi yake na barabara zake, hakuwa nayo. Aliandika namba kwa herufi, na alipotaka kuzidisha aliiacha kalamu akahamia kwenye ubao wa vijiwe.

Kanuni za sifuri ziliandikwa India na Brahmagupta, mwaka 628. Ukiongeza sifuri kwenye namba, namba haibadiliki, ukizidisha kwa sifuri, unapata sifuri, na kadhalika. Alisema pia kwamba sifuri ukiigawa kwa sifuri ni sifuri, na hapo mwalimu wenu wa hisabati angempa kosa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba aliyatunga yote hayo kwa beti. Washairi wa Lamu na Mombasa wangekaa naye vizuri.

Miaka 34 baadaye, mwaka 662, askofu mmoja wa Syria aitwaye Severus Sebokht, aliyeishi kwenye monasteri kando ya mto Frati, aliandika akizisifu alama tisa za hesabu za Wahindi. Na kwa nini aliandika? Kwa hasira! Alichoshwa na watu waliodhani kwamba kwa kuwa wanazungumza Kigiriki basi wamefika mwisho wa elimu. Aliwataja Wahindi ili awakate maringo. Kwa hiyo taarifa za mwanzo kabisa tulizo nazo za tarakimu za Kihindi kusogea magharibi zimo ndani ya malalamiko. Zingatieni hilo, maana tukisema "mazungumzo" huwa tunawaza watu wanaochekeana juu ya kahawa.

Baghdad ilianza kujengwa mwaka 762. Humo, zama za Khalifa al-Ma'mun, ndimo alimofanyia kazi al-Khwarizmi, mtu ambaye asili yake, kama jina linavyosema, ni Khwarizm huko Asia ya Kati. Aliandika kitabu cha kufundisha hesabu za Kihindi. Nakala ya Kiarabu imepotea. Tunayo tafsiri ya Kilatini tu, inayoanza kwa kusema "Algorizmi amesema". Vijana wa kompyuta, mnapotaja algoridhimu mnamwita mzee huyu kwa jina. Waarabu waliiita ile alama tupu "sifr", tupu, na sisi tukapata sifuri.

Lakini mtu wa Baghdad ninayempenda ni mwingine, Hunayn ibn Ishaq. Mtasikia sana habari za Nyumba ya Hekima, maktaba ya makhalifa wa Baghdad. Mimi jengo halinivuti kama mtu. Hunayn alizaliwa al-Hira mwaka 809. Alikuwa Mkristo, tabibu, na alikijua Kigiriki, Kisiria na Kiarabu. Aliacha waraka unaoorodhesha vitabu 129 vya Galen, tabibu wa Kigiriki, akieleza kila kimoja kimefasiriwa na nani, kwa ajili ya nani, na vizuri kiasi gani. Kimoja kilimhangaisha. Alikitafuta Iraq, akakitafuta Syria, Palestina, Misri mpaka Aleksandria. Akapata kama nusu yake tu, Damascus. Na alipokuwa na nakala kadhaa za kitabu kimoja, alizilinganisha kwanza, akasahihisha Kigiriki chenyewe, ndipo akaanza kufasiri. Tafsiri alizozifanya ujanani alizirudia ukubwani kwa sababu aliziona mbovu.

Inasimuliwa kwamba wana watatu wa Musa, matajiri wapenda elimu, walikuwa wakitoa dinari 500 kwa mwezi kwa Hunayn na wafasiri wenzake. Naisimulia habari hii kwa wivu. Mwaka juzi ofisi moja ilinipa kurasa 60 za mwongozo wa afya niziweke kwa Kiswahili. Waliniambia, "Ni kutafsiri tu, tunaomba kesho asubuhi." Aliyepiga fotokopi alilipwa siku ile ile. Mimi nililipwa baada ya miezi minne, kwa bei inayofanana na yake.

Nyanyueni kalamu zenu. Asanteni. Sasa karatasi. Sasa daftari. Kalamu kwa Kigiriki ni "kalamos", utete. Karatasi ni "khartes". Daftari ni "diphthera", ngozi iliyotengenezwa. Maneno yote matatu yalipita kinywani mwa Mwarabu kabla ya kufika Pwani, na leo mtoto wa darasa la kwanza anatumwa dukani kuyanunua bila kujua anaagiza Kigiriki. Mnaweza kuzishusha.

Njiani vitu huharibika pia. Wahindi katika elimu ya nyota walitumia neno "jya", upote wa upinde, au kwa matamshi mengine "jiva". Waarabu wakalichukua kama lilivyo, "jiba", neno ambalo kwao halikuwa na maana yoyote. Wakaliandika bila irabu: j, y, b. Waliofuata wakalisoma "jayb", ukunjo wa vazi kifuani. Mfasiri wa Kilatini akatafuta neno la Kilatini la ukunjo huo, akaweka "sinus". Ndiyo "saini" mnayoihangaikia kwenye pembetatu, na si ile ya kwenye hundi. Upote wa upinde umegeuka kifua cha nguo, na hesabu bado inatoka sawasawa!

Kupokea peke yake hakutoshi, lazima mpokeaji abishe. Al-Razi, tabibu Mwajemi, alimheshimu Galen kisha akaandika kitabu kizima cha kumtilia shaka. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mwaka 965, alisoma kwa Euclid na Ptolemy, wasomi wa Kigiriki wa kale, kwamba jicho huona kwa kutoa miale. Akauliza maswali ya mtu mwenye macho: mbona ukilitazama jua linakuumiza? Alihitimisha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Aliandika kwamba mtafuta ukweli ajifanye adui wa kila anachokisoma, na ajitilie shaka hata yeye mwenyewe. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na karne kadhaa baadaye Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, akaichukua kazi hiyo akaanza kubishana nayo kwa zamu yake.

Nimetaja Basra, na siwezi kuipita kimya mbele ya hadhira ya Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 869 na 883, kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraq, watumwa walioitwa Zanj, jina lile lile la pwani yetu, waliokuwa wakikwangua chumvi kwenye ardhi ili ilimike, waliasi. Mwaka 871 waliiteka Basra. Hunayn alifariki mwaka 873. Maana yake siku mzee yule analinganisha nakala zake za Galen kwa taa ya mafuta, mwendo wa siku kadhaa kusini mwake watu hawa wanapigana. Dinari zilizolipia vitabu na dinari zilizonunulia watu zilizunguka katika milki moja. Sina namna ya kulainisha jambo hilo, na anayewasimulia zama za dhahabu za Baghdad bila kuwataja Zanj, mwombeni arudie.

Vita na vitabu, kwa kweli, vimekuwa majirani mara nyingi. Al-Biruni, msomi Mwislamu wa Asia ya Kati, alijifunza Kisanskriti na kuandika juu ya India, mnamo 1030, kwa uadilifu ambao wageni wachache wameufikia. Na aliingia huko katika milki ya Sultani Mahmud wa Ghazni, aliyekuwa akiivamia nchi hiyo hiyo. Toledo nayo, mji wa Hispania uliokuwa wa Waislamu, ilitekwa na mfalme Mkristo mwaka 1085, maktaba zikabaki, na wasomi wa Ulaya wakaanza kuja. Gerard wa Cremona alifika akitafuta kitabu kimoja tu cha Ptolemy kilichokosekana kwa Kilatini. Akajifunza Kiarabu, akabaki, akafasiri zaidi ya vitabu 70 kabla ya kufa mwaka 1187. Alisaidiwa na mwenyeji aitwaye Ghalib, ambaye wengi hawamtaji. Na tunayo picha ya kazi ilivyokuwa: Myahudi aitwaye Avendauth analisoma neno la Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa Mwislamu, kwa Kiarabu, analitamka kwa lugha ya mtaani ya Hispania, na Padri Gundissalinus anaandika kwa Kilatini. Neno baada ya neno. Mwislamu aliyekwisha kufa, Myahudi na Mkristo, meza moja.

Sifuri yetu iliingia Italia kwa mlango wa biashara. Leonardo wa Pisa aliitwa na baba yake, mwakilishi wa wafanyabiashara wa Pisa kule Bugia, Algeria ya leo, akafundishwa huko tarakimu za Wahindi. Mwaka 1202 akazitolea kitabu. Wenye fedha hawakuzipokea kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama kuzitumia kwenye vitabu vyao vya hesabu. Hofu inayotajwa mara nyingi ni wizi: sifuri ukiiongeza mkia inakuwa sita, ukiiteremshia mguu inakuwa tisa. Namba za Mrumi ni ngumu kuzichezea hivyo.

Hofu hiyo haijafa. Chini ya risiti hii kuna mstari umechapwa "Kiasi kwa maneno", na kijana, kwa mwandiko wa kulala upande, ameandika: laki mbili na elfu saba tu. Hilo "tu" ni kufuli. Wazee wa zamani hiyo saba wangeiita mfungate, kama sita ilivyokuwa tandatu na tisa ilivyokuwa kenda. Kenda bado tunaisikia kwa wanaosema kenda karibu na kumi. Mfungate tumeiacha sokoni, tukamwachia bi harusi na bwana harusi, wanaokaa ndani siku saba za fungate yao.

Naona mkono kule mlangoni. Karibu, dada, uliza.