Fosfeti ya Mkojo Haisomwi Bila Damu

Ndugu wasikilizaji, karatasi ya majibu imeandikwa hivi: fosfeti, mkojo wa saa 24, milimoli 22.5. Fosfeti ni madini yenye fosforasi, ambayo mifupa huyahitaji. Pembeni pana kiwango cha kawaida, takriban 13 hadi 42. Mgonjwa anaambiwa yuko sawa, anakwenda zake. Naomba tusimame hapo hapo, kwa sababu namba hiyo yaweza kuwa ya mtu mwenye afya njema, na yaweza kuwa ya mtu ambaye mifupa yake inalainika.

Figo huchuja fosfeti kutoka kwenye damu, kisha vijirija vyake vya mwanzo huirudisha asilimia 80 hadi 90. Inayobaki ndiyo tunayokojoa. Homoni ya paratiroidi, itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni, pamoja na nyingine itokayo kwenye mifupa iitwayo FGF23, huzifanya figo ziiachie zaidi. Sasa, kwa mtu ambaye mwili wake umetulia, fosfeti inayotoka kwa siku hukaribiana na ile iliyofyonzwa na utumbo. Kwa hiyo kile "kiwango cha kawaida" kinaeleza alichokula mtu kuliko kinavyoeleza hali ya figo zake.

Swali la maana ni hili: damu ina kiasi gani, na figo zinafanya nini juu ya hilo? Fosfeti ya damu kwa mtu mzima ni takriban milimoli 0.8 hadi 1.45 kwa lita. Ikishuka, figo zenye afya huifumbata. Mkojo wa siku nzima huwa na chini ya milimoli 3.2, yaani miligramu 100. Mwenye damu ya 0.5 anayekojoa 22.5 anavuja, hata kama karatasi haina alama nyekundu.

Tupige hesabu, tukilinganisha fosfeti na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja. Damu, kwa lita: fosfeti 0.5, kreatinini mikromoli 80. Mkojo: fosfeti milimoli 15 kwa lita, kreatinini milimoli 8. Kwanza geuza hiyo 8 iwe mikromoli 8,000. Wengi hukosea hapa, na jibu hupotoka mara elfu. Zidisha fosfeti ya mkojo kwa kreatinini ya damu: 15 mara 80 ni 1,200. Zidisha fosfeti ya damu kwa kreatinini ya mkojo: 0.5 mara 8,000 ni 4,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: asilimia 30, yaani sehemu ya fosfeti iliyochujwa ambayo imetoka na mkojo. Damu ikiwa na upungufu, chochote kinachozidi asilimia 5 kinaonyesha figo zinapoteza. Kama mkojo huohuo ungekuwa na fosfeti milimoli 1 tu, tungepata asilimia 2, nasi tungetafuta chanzo kwenye utumbo au lishe.

Ukitaka kizingiti cha figo, yaani kiwango cha fosfeti ya damu ambacho kikipitwa figo huanza kuiachia, chukua sehemu iliyorudishwa, hapa 0.70, uizidishe kwa fosfeti ya damu: 0.35. Kwa mtu mzima tunatarajia takriban 0.8 hadi 1.35. Njia hii fupi inafaa sehemu iliyorudishwa isipozidi 0.86; ikizidi, hutumika mchoro wa Walton na Bijvoet wa mwaka 1975 au fomula yake.

Kwa hesabu hizi mkojo wa saa 24 si lazima. Unatosha mkojo wa pili wa asubuhi, mtu akiwa hajala, na damu ichukuliwe wakati huohuo. Damu isikae muda mrefu kabla ya kutenganishwa: fosfeti hutoka kwenye seli nyekundu na kupandisha jibu kwa uongo.

Ukiagizwa mkojo wa saa 24, ule wa kwanza wa asubuhi mwaga, andika saa. Kuanzia hapo kusanya kila tone, mchana na usiku, hadi ule wa saa ileile kesho yake, na huo wa mwisho utie ndani. Tunza chombo mahali pa baridi. Chombo kikiwa na asidi usikojolee humo moja kwa moja, inaunguza; kojolea kikombe safi ndipo umimine. Asidi hiyo ina kazi, kwani mkojo usipokuwa na asidi ya kutosha fosfeti hushikana na kalsiamu ikazama chini, na kipimo kikashuka. Ukisahau mara moja, sema. Maabara hupima kreatinini ili kukagua: mwanamume mzima hutoa takriban miligramu 15 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mwanamke pungufu kidogo.

Taja dawa zako zote, wala usiache yoyote bila tabibu kujua. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye alumini hunasa fosfeti utumboni, mkojo ukabaki nayo kidogo. Tenofovir, dawa ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini B, yaweza kuumiza vile vijirija ikavujisha. Baadhi ya madini ya chuma yanayotiwa mshipani hupandisha FGF23.

Na mkojo uliochafuka kwa unga mweupe, ambao kwenye darubini huitwa chembechembe za fosfeti, ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi unaonyesha tu kwamba mkojo hauna asidi ya kutosha, na kwa kuutazama hivyo huwezi kujua fosfeti ni nyingi au ni chache.