Mnyoo Anayefuata Kivuli: mhadhara kuhusu minyoo ya mbwa na sisi tunaoishi nao, Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu. Namshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha, na naomba radhi mapema kwa mliobakiza maandazi mkononi, kwa sababu nitazungumzia kinyesi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi yangu ni kuokota kinyesi cha mbwa. Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijakaza, napita uani kwa watu nikiwa na vikopo vyangu na kijiko. Bibi mmoja kule Chamwino aliniangalia muda mrefu, akauliza: "Mwanangu, na chuo ulisoma kwa ajili ya hili?" Nikamwambia ndiyo, bibi, tena kwa mkopo ambao mpaka leo naulipa.

Ninayemtafuta ni mnyoo mviringo wa mbwa, toksokara. Akikomaa anafanana na tambi iliyopikwa. Jike hufika hata sentimita 18. Anakaa kwenye utumbo mwembamba wa mbwa, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku.

Sasa sikilizeni jinsi anavyojua kungoja. Mbwa mkubwa akimeza yai, mara nyingi lava, yaani mnyoo mchanga anayeanguliwa, hakai tumboni. Anatoboa ukuta wa utumbo, anaingia kwenye misuli na viungo vingine, anajikunja na kulala humo, hata miaka. Ukimpima mbwa huyo kinyesi, hutaona kitu. Siku jike akishika mimba, lava wale wanaamka na kupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa watoto walio tumboni. Wengine wanangoja na kutoka na maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anazaliwa akiwa nao tayari. Akifikisha wiki tatu hivi, macho ndiyo kwanza yamefunguka, ameanza kumwaga mayai uani. Wale wenye matumbo kama ngoma, ambao watoto wetu wanawabeba mgongoni kwa kanga, ndio kiwanda chenyewe.

Ila yai likitoka halidhuru siku hiyo. Linahitaji wiki mbili mpaka nne ardhini, lipate joto, hewa na unyevu, ndipo lava akue ndani yake. Kinyesi cha leo asubuhi hakikupi toksokara. Kinachokupa ni kile kilichosahaulika mwezi uliopita, kikasagika, kikawa udongo tu machoni pako.

Hapo ndipo wenzangu wa Dodoma huniambia: basi sisi tumepona, mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, halafu ni vumbi na upepo. Ni kweli nusu. Jua kali na ukavu huliua yai. Katikati ya uwanja mweupe, Agosti, sitarajii kupata mengi. Lakini nionyesheni mji wa Mgogo, yaani boma lake, usio na mahali penye ubaridi. Kuna mwarobaini, chini yake pipa la maji, na kata inayodondosha. Wanaosha vyombo hapo, maji yanamwagwa hapo hapo. Kuku wanachakura, jike la mbwa amejichimbia shimo akalaza wanawe, na mtoto wa miaka miwili amekaa tako chini anafinyanga ugali wa udongo. Yai likikaa mahali pa hivyo linaweza kuishi miaka. Ukame haukulimaliza, umelikusanya. Kiangazi kinasukuma mbwa, kuku, mtoto na yai kwenye kivuli kimoja, na ndiyo maana siku hizi nikifika kwenye mji, kabla sijauliza mbwa ni wangapi, natazama kwanza maji yanamwagwa wapi.

Namna ya kuyaona mayai ni rahisi kuliko mnavyodhani. Unakoroga chumvi kwenye maji mpaka igome kuyeyuka. Unachanganya humo kinyesi kidogo, unachuja, unajaza kijichupa mpaka juu na kukifunika kwa kioo chembamba. Maji yale ni mazito kuliko yai, kwa hiyo yai linaelea na kunata kwenye kioo. Dakika kumi na tano, unatazama kwa hadubini. Ni la kahawia, karibu duara, na ganda lake lina vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi nguo. Ukiliona mara moja hulisahau.

Nilivyoliona kwa mbwa mzee wa Bahi, nilishangilia. Mbwa mkubwa anamwaga mayai! Nikaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Siku tatu baadaye nikarudi, nikapima tena: hakuna. Nikapima tena: hakuna. Yule mbwa mzee alikuwa amekula kinyesi cha watoto wa mbwa wa jirani, mayai yakapita tumboni mwake kama abiria wa basi la usiku, yakashukia kwenye kikopo changu. Ningeripoti hivyo ningemsingizia. Tangu hapo mbwa mkubwa simwandiki kwa kinyesi cha siku moja.

Kwa binadamu, tulianza kuelewa si zamani sana. Mwaka 1950 huko Marekani, Helenor Wilder alichunguza macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameng'olewa, mengi kwa kudhaniwa yana saratani. Macho 24 yalikuwa na lava wa mnyoo. Miaka miwili baadaye, Paul Beaver na wenzake wakaeleza ugonjwa wa lava wanaotangatanga kwenye ini na mapafu ya watoto, wakamtaja toksokara. Ndani yetu mnyoo huyu hakomai, hatagi. Anapotea njia tu, na popote anapopotelea panavimba. Wengi hawajui hata kama wanaye; wengine hupata homa, kikohozi cha kubana kifua, ini kubwa; wachache hupoteza jicho moja.

Kwa hiyo mama akiambiwa choo cha mtoto ni kisafi, jibu hilo halimhusu toksokara. Vipimo vyake ni vya damu. Na kile kidonge kimoja cha shuleni kimelenga minyoo ya tumboni. Aliye kwenye ini anatibiwa kwa dozi ya siku kadhaa, na hilo aamue daktari.

Mzee pale nyuma alinong'ona, nikamsikia: basi tuwaue mbwa? Hapana, mzee wangu. Fisi akija zizini utamwita nani? Mbwa wako mkubwa si tatizo kubwa. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tunaletewa madume makubwa yamefungwa kamba, na watoto wa mbwa wanaachwa nyumbani eti bado wadogo. Hao ndio nawataka. Dawa ya minyoo waanze wakiwa na wiki mbili, warudie kila baada ya wiki mbili mpaka waache kunyonya, na mama yao anywe pamoja nao. Waleteni kwenye beseni, kwenye kapu, vyovyote. Na lile pipa, lisogezeni mbali na shimo la mbwa.

Karibuni maswali. Naona dada pale ameuliza kuhusu paka kabla sijamaliza: ndiyo, na paka ana wa kwake.